Gari la Alfons Lisiloandikwa Kitu Nyuma

Alfons Merkle alizaliwa siku mbili kabla yangu, katika wodi ile ile ya wazazi kule Esslingen, na tangu siku hiyo hajaacha kunitangulia. Mama yangu alikuwa akisimulia kwamba alipofika wodini kunizaa, kitanda cha dirishani kilikuwa kimeshachukuliwa na mama yake Alfons. Nikazaliwa upande wa mlangoni, kwenye baridi. Watu husikia hayo wakacheka. Mimi nina miaka sitini na moja sasa na bado sijaona cha kuchekesha.

Nataka kuandika habari zake kwa haki, maana ni mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mkorofi ningemchukia nikapumzika. Shuleni alikaa dawati la mbele yangu, na miaka minane nilisoma nikitazama nywele zake. Anazo mpaka leo, zote. Baada ya shule alijifunza ufundi wa mabati na mifereji ya paa, mimi nikaingia kiwanda cha magari kaskazini mwa Stuttgart kushona ngozi za viti. Kazi yake huonwa na kila apitaye akiinua macho. Kazi yangu watu huikalia.

Tulipooa tulinunua nyumba pacha, yaani mbili zenye ukuta mmoja katikati, yeye kulia, mimi kushoto. Jua la asubuhi hupiga kulia. Nyanya zake huiva wiki mbili kabla ya zangu, na kila mwaka huniletea bakuli la zile za kwanza, akisema, "Onja, Reinhold, zako zitakuwa tamu zaidi." Haijawahi kuwa hivyo. Mimi huzila huku roho ikiniuma, na ni tamu kweli.

Alipokuwa na miaka arobaini na sita alianguka kutoka paa la shule akavunjika nyonga. Alilala ndani miezi mitano. Nitasema jambo ambalo sijivunii: nilisimama dirishani nikihesabu keki zilizopita kuingia kwake. Zilikuwa kumi na moja juma la kwanza peke yake. Nami nilikuwa mgonjwa wa mgongo mwaka ule, mgongo wa mtu aliyeinamia cherehani tangu ujana, na hakuna aliyeniletea hata mkate. Halafu, miaka minne iliyopita, mkewe Roswitha akafariki. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje, nami nikiwa nimeshika kofia yangu nikajikuta nikijiuliza kama siku ya mazishi yangu litajaa hata nusu. Aibu iliyonipata siku ile sijaisahau, lakini haikuniponya.

Sasa nije kwenye gari.

Mwaka jana, nikiwa nimebakiza miezi kumi na minane kustaafu, mimi na mke wangu Hannelore tuliamua kununua gari la michezo. Sikutaka la kufunika blanketi bandani na kulitoa mara mbili kwa mwaka, kama wafanyavyo madaktari wa Stuttgart. Nilitaka la kila siku: kwenda kazini, sokoni, na kila Alhamisi kumpeleka Hannelore kwenye bafu la maji ya madini kule Cannstatt, maana goti lake la kushoto ni la chuma na yale maji humfaa. Miaka yote ya ndoa yetu nilimwahidi kwamba siku moja atakalia kiti nilichokishona mimi.

Gari lile hutoka kwa matoleo matatu. La chini lina springi laini na viti vipana, na nyuma lina viti viwili vidogo vya kukalia watoto au vikapu. La kati lina injini kubwa zaidi na herufi moja ya ziada mgongoni. La juu limeshushwa karibu na ardhi, springi zake ni ngumu, viti vyake ni bakuli moja lisilokunjika, na nyuma hakuna viti kabisa, vimetolewa ili kupunguza uzito. Mimi hushona ngozi za matoleo yote matatu. Kama kuna mtu katika kijiji hiki cha mizabibu aliyestahili kujua lipi ni la mashindano na lipi ni la kwenda sokoni, ni mimi.

Tukaenda kwa muuzaji, Bwana Kübler, tukajaribu la chini. Nilipita nalo makusudi juu ya mawe ya mtaa wa kanisa. Hannelore aliingia mwenyewe, akatoka mwenyewe, akajipapasa goti.

"Hili naliweza," akasema.

Maneno mawili tu. Ungeniambia wakati ule kwamba yatanifuata, nisingekuelewa. Nikamwambia Bwana Kübler nitarudi Ijumaa kutia sahihi.

Jumanne gari la Alfons likafika.

Lilikuwa lile lile, la kijani kibichi. Hata rangi nikaikosa, maana nilikuwa nikiifikiria. Alfons hakuwa ameniambia neno, nami sikuwa nimemwambia la kwangu. Kwetu mtu hatangazi ununuzi wake, hufagia mlango wake akanyamaza. Nikasubiri aingie ndani, nikazunguka nyuma ya gari kusoma toleo lake. Palikuwa patupu. Hapakuandikwa kitu.

Hapo lazima nieleze. Kwenye fomu ya kuagiza gari kuna kisanduku kimoja. Ukikitia alama, kiwanda hakibandiki jina la toleo nyuma. Wenye kufanya hivyo kwetu ni wale wenye matoleo makubwa, kwa sababu mwenye nacho hujificha, na anayejionyesha huhesabiwa mshamba aliyehamia. Na kumuuliza mtu "Lako ni lipi?" ni kama kumuuliza mshahara wake. Haiulizwi, wala huchungulii ndani ya gari lake kuhesabu viti. Kwa hiyo nyuma tupu haikunyamazia chochote, ilinipigia kelele. Nilisimama pale na kopo la taka mkononi nikiitazama kwa muda ambao si wa mtu anayemwaga taka.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kufagia njia yetu ya pamoja. Kibao cha zamu, kinachohamia mlango wa pili kila juma, kilikuwa kwenye mlango wangu. Alfons akatoka na fimbo yake ya kutembelea, akasimama kando ya gari.

"Limefika," nikasema.

"Limefika," akasema.

"Rangi nzuri."

"Haionyeshi vumbi."

"Linakwenda?"

"Linakwenda."

Nikafagia. Nilifagia karibu sana na magurudumu, na nilipoinama kuokota jani ambalo halikuwepo nikaona breki zake. Zilikuwa nyeusi. La chini ndilo lenye breki nyeusi. Matoleo ya juu yana nyekundu. Mtu mwenye akili timamu angeenda kula chakula chake cha mchana. Mimi nikawaza: aliyeagiza nyuma tupu anashindwa nini kuagiza breki zipakwe nyeusi? Kadiri Alfons alivyoficha vizuri, ndivyo alivyokuwa na kikubwa cha kuficha. Niliporudi ndani sikuwa na shaka tena. Lilikuwa la juu kabisa.

Hannelore alikuwa akitilia dengu siki.

"Muulize," akasema bila kugeuka.

"Haulizwi mtu."

"Basi nyamaza ule. Tangu Jumanne umekuwa mtu wa dirishani. Majirani watadhani tunauza nyumba."

"Mtu mwenye nyonga mbovu, Hannelore. La mashindano la nini?"

"Na wewe mwenye mgongo mbovu, la michezo la nini?"

"Mimi nimeshona viti miaka arobaini na minne," nikasema. "Yeye hajashona hata kitufe. Leo niegeshe la chini kando ya la juu, ukuta mmoja, kila mpita njia alinganishe?"

"Nyuma patupu, watalinganisha nini?"

Mtu mwenye kijicho hahitaji jibu.

Sahihi ile nilikuwa nimeiahirisha siku gari la Alfons lilipofika. Jumatatu nikarudi kwa Bwana Kübler peke yangu. Hilo la peke yangu ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, nami nililijua hata nilipokuwa nikilifanya. Nilimwambia Hannelore nakwenda kukata nywele.

"La juu?" akauliza Bwana Kübler. Ni mtu wa heshima, huvaa fulana ya sufu hata kiangazi. "Bwana Schäufele, mimi nauza magari, sikatazi mtu. Lakini ulisema ni la kila siku. Hili la juu huhesabu kila kokoto. Na mama je? Goti?"

"Mama atazoea."

"Viti vya bakuli havizoeleki, bwana. Wewe ndiye ungeniambia hivyo."

"Niandikie viti vya bakuli."

Akaandika. Nikaona aibu kidogo, kisha nikamwona Alfons kichwani, amesimama kando ya gari lake la kijani na nywele zake zote, na aibu ikaondoka.

"Na maandishi ya nyuma?" akauliza.

Hapo nilipumua. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu Jumanne.

"Pasiandikwe kitu," nikasema. Nilitaka naye asimame na kopo la taka.

Gari likaja mwezi wa tisa, la kijivu. Alfons akatoka nje na fimbo yake akalitazama kutoka mbele, kutoka nyuma, akarudi mbele.

"Limefika," akasema.

"Limefika."

"Liko chini."

"Liko chini kiasi."

"Linakwenda?"

"Linakwenda."

Niliona macho yake yakirudi pale patupu, nikafurahi furaha ambayo sijaipata tangu utoto. Ilidumu mpaka nilipojaribu kuliingiza bandani na tumbo la gari likakwaruza kizingiti kwa sauti iliyosikika mtaa mzima. Tangu siku hiyo nililiingiza kimshazari, robo saa kila jioni, huku Hannelore akinishikia ubao wa kupandia kizingiti.

Kuhusu mgongo wangu sitasema mengi. Kila asubuhi nilikwenda kazini kama mtu anayepigwa teke na punda kila hatua ya njia, nikashuka mbele ya wenzangu nikiwa nimenyooka na nimetabasamu. Nilijua kila mshono ulionichoma, kwa sababu niliushona. Nilikuwa nakufa na tai shingoni, kama wasemavyo.

Hannelore alipanda mara tatu. Mara ya kwanza hakusema kitu, ila alishika mpini wa mlango mpaka Cannstatt. Mara ya pili, mbele ya duka la mikate, hakuweza kutoka. Bakuli lilimshika, goti likakataa, na wauzaji wawili wenye aproni wakaja kumvuta, mmoja mkono huu, mmoja huu, watu wakiwa kwenye foleni. Alisimama barabarani akajipangusa, akanunua mikate yake bila kunitazama. Mara ya tatu aliingia, akakaa, akatoka kabla sijawasha, kwa kujiviringisha upande kama mtoto anayeshuka kitandani.

"Ulikwenda kukata nywele," akasema, akiwa ameshika paa la gari. "Nakumbuka. Ulirudi na nywele zile zile."

"Hannelore."

"Nenda salama, Reinhold."

Akarudi ndani, na Alhamisi hiyo hakwenda Cannstatt.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nyumbani, nimepewa siku moja ya mapumziko kwa ajili ya mgongo. Nikasikia mlango wetu ukifungwa, kisha mlango wa gari, na halikuwa langu. Nikaenda dirishani, mahali pangu. Hannelore alikuwa ameketi mbele katika gari la kijani, mkoba wa taulo mapajani, na Alfons akimfungia mlango. Yeye pia huenda kule kila Alhamisi kwa ajili ya nyonga yake. Wakaondoka. Gari lilipita juu ya mawe ya mtaa wa kanisa kimya kabisa.

Nimewahi kumwonea wivu Alfons kwa kitanda, kwa nyanya, kwa keki, na kwa mazishi. Ule wote ulikuwa wivu wa kitoto. Huu ulikuwa mwingine. Niliketi jikoni saa tatu nzima bila kumenya hata kiazi kimoja. Waliporudi nilimwona akishuka: mguu mmoja, mguu wa pili, amesimama. Hakuna aliyemvuta. Nywele zake zilikuwa na unyevu na alikuwa akicheka, na kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu gari langu lije.

Nilimngoja avue koti.

"Unapandaje gari la mashindano la Alfons ukashindwa langu?"

Akalitundika koti lake.

"Gari gani la mashindano? La Alfons ni la chini kabisa."

"Nani kasema?"

"Yeye. Nilimuuliza."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, 'Alfons, hili ni lipi?' Akasema, 'Ni la chini, kwa sababu ya nyonga.' Ilichukua muda wa kufunga mkanda."

Nikakaa. Hannelore akatundika taulo kwenye kiti, taratibu.

"Na kwa nini hakuandikisha nyuma?" nikauliza.

"Kwa sababu yako. Alisema, 'Reinhold anashona viti vya yale makubwa. Ataona nimechukua la chini, atanicheka moyoni.' Aliona haya, maskini."

Ningeweza kuishi na jambo lolote lingine. Nilikuwa nimemshinda. Kwa mara ya kwanza tangu wodini nilikuwa na kikubwa kuliko chake, na nyuma ya kikubwa hicho hapakuandikwa kitu kwa agizo langu mwenyewe, na kumwambia haiwezekani, maana haisemwi. Na lililonimaliza ni kwamba sikukitaka tena. Nilitaka chake. Nilitaka springi zile laini, na kiti kile kipana nilichokishona kwa mikono yangu, ambacho mke wangu alikuwa amekikalia kando ya mwanamume mwingine, kama nilivyomwahidi.

Alhamisi ya tatu sikuvumilia. Niliomba ruhusa kazini nikatoka nje na taulo langu. Alfons alikuwa akifuta kioo.

"Kuna nafasi?" nikasema. Neno lile lilitoka kama jino.

Alfons akatazama gari langu, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza.

"Nyuma," akasema. "Kama utajikunja."

Basi nikajikunja. Mtu wa miaka sitini na moja, mwenye gari kubwa kuliko yote kijijini, nikaingia kwenye kiti cha mtoto nyuma ya mke wangu, magoti yakiwa karibu na masikio. Hannelore hakugeuka, ila alisogeza kiti chake mbele kidogo. Tukapita juu ya mawe ya mtaa wa kanisa nami sikusikia jiwe hata moja. Hata nikiwa nimekunjwa pale, mgongo wangu haukuuma kama ulivyouma kwangu. Nilimtazama Alfons kisogoni, nywele zile zile za darasa la kwanza, nikaona wivu mpaka machoni.

Tulipofika darajani, akaniangalia kwenye kioo. Nadhani Hannelore alikuwa amemharibu kwa kule kuuliza kwake.

"Reinhold," akasema, "niruhusu nikuulize. Lako ni lipi?"

Majuma yote yale nililipa kwa mgongo wangu ili niwe na jibu la swali hilo. Lilikuwa mdomoni. Nikamwona Hannelore kwa ubavu, shavu lake limetulia, anangoja kama Alfons alivyokuwa akingoja.

"Kama hili," nikasema. "La chini."

Alfons akaitikia kwa kichwa, ameridhika, mabega yakamshuka. Tukaenda kidogo. Kisha nikaona nyusi zake zikikunjamana kiooni.

"Basi sielewi," akasema. "Kama ni lile lile, kwa nini Hannelore haliwezi?"

Taa za barabarani zikawa nyekundu, akasimama.

"Gari ningeliweza, Alfons," akasema Hannelore, akitazama mbele. "Mwenyewe ndiye aliyenishinda."

Taa zikawa kijani, na Alfons akaondoa gari polepole sana, kwa ajili ya goti lake.